Mpangaji amekwama miezi mitatu na nusu, keretaka anataka tutoe mlango

kijana_wa_mwiki:

Wadau habari za jioni. Naandika nikiwa nimekaa kwa ngazi za ploti saa tatu usiku, daftari ya renti iko kwa magoti, juu sijaamua kama nitagonga namba 5 ama nitarudi kwangu nilale tu.

Baba yetu aliaga 2021, akatuachia ploti ya bedsita 8, yaani vyumba kimoja kimoja vya kupangisha, hapa Mwiki na kaduka kamoja mbele ambako kuna kinyozi. Ndugu zangu wote wako mbali na Nairobi kwa hivyo mimi ndio niliambiwa nisimamie. Kila nyumba ni 7,500. Ukimwambia mtu 60,000 kwa mwezi anaona umeshafika, lakini kuna loni ya sacco nilichukua kuinua tanki na kubadilisha mabomba yaliyokuwa yameoza, hiyo inakatwa 24,000 kila tarehe 5, keretaka anayeangalia ploti 8,000, maji, watu wa taka, stima ya korido, na fundi hakosi mwezi hata mmoja, leo ni sinki imeziba kesho ni soketi imeungua. Inayobaki inaenda Murang'a kwa mama, ana sukari na presha, dawa zake hazingoji.

Sasa namba 5. Ni mama na watoto wawili, amekaa miaka minne na alikuwa mpangaji wangu mzuri kuliko wote, renti ilikuwa inaingia kabla hata sijatuma ujumbe. Oktoba kiwanda alichokuwa anafanya huko Baba Dogo kikapunguza watu. Novemba akalipa nusu, Desemba hakuna, Januari hakuna, na leo ni tarehe 14 Februari. Deni ni 26,250 na dipoziti niliyo nayo ni 7,500.

Kila nikienda anafungua msichana wake mkubwa, yule wa gredi ya sita. Ananiambia "mama ametoka" na mimi naona slipas za mama yake hapo nyuma ya pazia, na miguu iko ndani ya slipas. Mtoto haniangalii, anaangalia kitabu ameshika. Nimerudi na hiyo picha kwa kichwa wiki nzima.

Keretaka anasema tutoe mlango, ati ndio njia ya haraka na ploti zote za hapa wanafanya hivyo. Na kinachonimaliza zaidi ni namba 2, jana ameniambia wazi kama namba 5 anakaa bure basi na yeye atapumzika kidogo kulipa. Mwenye amepitia hii anisaidie, sitaki kuwa mtu mbaya lakini pia sitaki mama yangu akose dawa juu ya ploti ya mzee wake.

mama_ploti_zima:

Pole sana kijana wangu. Mimi niko na vyumba 12 hapa Zimmerman mwaka wa kumi na nne sasa, nilijenga kidogo kidogo nikiuza nguo Gikomba, na hiyo slipas nyuma ya pazia naijua.

Kwanza wacha kwenda usiku. Ukigonga saa tatu na keretaka amesimama nyuma yako yule mama hasikii maneno, anasikia kufukuzwa. Mtumie ujumbe umwambie Jumamosi saa nne asubuhi mtaketi, wewe na yeye, watoto wakiwa nje wanacheza. Uende na daftari yako ile ile, ufungue ukurasa wake, muangalie pamoja. Miaka minne yote iko hapo, ajione vile alikuwa analipa. Wengi wanajificha juu deni limekuwa kubwa kwa kichwa kuliko lilivyo kwa karatasi.

Halafu umuulize swali moja na unyamaze: siku hizi unapata aje pesa? Usimuulize atalipa lini, hapo atakuambia mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ilikuwa ya kiwanda. Mtu akipoteza kazi ya mshahara hapa Nairobi hakai bure, anafua nguo, anakaanga chapati, anasimamia duka ya mtu. Pesa inaingia mia mbili, mia nne, na inaisha siku hiyo hiyo kwa unga na tokeni. Ukingoja afikishe 7,500 kwa mkono mmoja utangoja mpaka mwaka uishe. Mimi niko na kijana wa mjengo, analipa kila Jumamosi akitoka saiti, 2,000, na mwezi ukiisha amemaliza bila mimi kumpigia simu hata moja. Kabla ya hapo tulikuwa tunagombana kila tarehe 10.

Mkikubaliana muandike. Karatasi mbili, tarehe, deni lote, analipa ngapi na siku gani, na ikifika tarehe fulani imeshindikana anahama kwa amani, na ile deni imebaki mtaongea. Wote mtie sahihi. Kama atakubali dipoziti ikule mwezi mmoja andika hapo hapo, na uandike pia kwamba sasa hana dipoziti, maanake siku ya kuhama atasahau na wewe utasahau.

Namba 2 mwambie nyumba ya jirani si mada yake. Sauti ya chini tu. Usimweleze deni la mwenzake hata kidogo, ukimweleza kesho ploti yote inajua na yule mama hatawahi kukufungulia.

nilishatoa_mlango:

Bro usitoe mlango. Nakuomba.

Mimi nilitoa 2018, huko Kayole. Jamaa alikuwa na miezi miwili. Nilienda na fundi na bisibisi, tukafungua bawaba tatu, tukauegemeza mlango kwa ukuta wa korido, nikaenda nyumbani nikijiona mwanaume. Jioni mkewe akatundika leso pale kwa mlango, na usiku ikanyesha. Leso ililowa ikawa inapiga piga ndani, na mtoto wao mdogo alikuwa mgonjwa wa kifua. Hiyo nimeambiwa baadaye na jirani, na mpaka leo nikisikia mvua usiku naikumbuka hiyo leso.

Siku ya tatu wakaingiliwa, TV ikaenda na mtungi wa gesi. Jamaa akaenda kituo cha polisi akaandikisha mimi. Na hapo ndio nilijifunza kwamba kudai renti ni haki yangu lakini kumtoa mtu kwa nyumba si kazi yangu, ni kazi ya korti. Niliishia kumlipa yeye. Mimi niliyekuwa nadai 13,000 nikatoa 40,000 kumaliza maneno, na renti sikuiona.

Vile nilielezwa na wakili baadaye ni hivi. Ile tribunali ya nyumba za kukaa, ya sheria ya Rent Restriction, inashughulikia nyumba ambazo renti haipiti 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo yako ya 7,500 haiko huko. Wewe unatumia sheria ya kawaida. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi unampa notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, hiyo iko kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, na akikataa kutoka unaenda korti kutafuta amri. Kushika vitu vyake kwa ajili ya deni pia iko na sheria yake ila anayeshika ni okshonia, yaani dalali wa mnada, mwenye leseni, si wewe na keretaka na mkokoteni. Na kwa bedsita, ukitoa malipo ya okshonia unaweza kubaki na sufuria na godoro. Nilipiga hiyo hesabu mara mbili.

Hata stima na maji usimkatie. Ni mlango ule ule umetoa kwa njia ingine.

kijana_wa_mwiki:

Asanteni sana, nimewasoma mara mbili. Mlango sitoi, hiyo nimeamua usiku huu. Jumamosi nitaketi na yeye.

@nilishatoa_mlango pole kwa yaliyokupata na asante kwa kusema.

Nilisahau kuuliza juu ya kinyozi. Yeye ni 9,000 na amechelewa mwezi mmoja lakini shida yangu na yeye ni ingine, nataka kupandisha ifike 11,000 kwa sababu maduka ya jirani ni 12,000. Nimwambie tu kuanzia Machi?

hesabu_na_risiti:

Kwa huyo kinyozi simama kwanza. Duka na nyumba ya kukaa ni sheria mbili tofauti, watu wengi wa ploti huchanganya hapo. Duka iko chini ya Cap 301, ile sheria ya wapangaji wa maduka, na kama hamjaandikiana, ama mmeandikiana mkataba usiozidi miaka mitano, huyo anahesabika mpangaji anayelindwa. Kupandisha renti yake ama kumtoa unahitaji notisi kwa fomu yake maalum, na inampa angalau miezi miwili. Akipinga anaenda Business Premises Rent Tribunal, tribunali ya renti za biashara, na ile renti ya zamani inaendelea mpaka waamue. Ujumbe wa WhatsApp wa "kuanzia Machi ni 11,000" hauna nguvu yoyote hata kama amekujibu sawa. Mkielewana kwa hiari yenu ni vizuri, lakini muandike na mtie sahihi.

Sasa kuna vitu viwili sijaona kwa hesabu yako na vyote vinanitia wasiwasi.

Cha kwanza ni ushuru wa serikali. 60,000 mara 12 ni 720,000. Renti ya nyumba za kukaa ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka unalipa asilimia 7.5 kila mwezi, kwa iTax, ule mtandao wa ushuru, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ilikuwa asilimia 10 ikashuka kuanzia Januari 2024. Inakatwa kwa renti yote kabla hujatoa fundi wala keretaka, kwa hivyo kwa 60,000 ni 4,500. Duka haihesabiwi hapo, hiyo inaingia kwa ritani ya mwaka. Weka 4,500 kando siku renti inaingia kabla haijaonja kitu kingine, na kama umekaa miaka bila kulipa usingoje wakutafute, tafuta mtu wa hesabu muanze kupanga.

Cha pili ndio kikubwa. Umesema mzee aliaga 2021 na mkakubaliana wewe usimamie. Mlikubaliana wapi, kwa mazishi ama kortini? Kama hakuna mtu amechukua barua za usimamizi wa mirathi, yaani ruhusa ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, basi kwa macho ya korti wewe bado si mwenye ploti. Ukienda kumshtaki namba 5 ama namba 2 ama yeyote, swali la kwanza wakili wake ataliuliza ni hilo na kesi inakwama hapo. Na ndugu mmoja akikasirika kesho anaweza kusema umekula renti ya marehemu bila ruhusa, hiyo nayo ina makosa yake kwa sheria ya mirathi.

Anza na barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote, mama yako akiwa mbele, halafu mfaili kortini. Inatangazwa kwa gazeti rasmi la serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, na ukipata hiyo barua kuithibitisha ndio mgawane ni baada ya miezi sita. Ni safari lakini si ngumu kama mnaelewana. Fanyeni wakati mama ako hai na anaweza kusema mwenyewe. Nimeona familia tatu kwa mtaa wetu ambazo zilingoja, na sasa ploti imefungwa, wapangaji hawajui walipe nani na hawalipi mtu.

kijana_wa_mwiki:

Hapo kwa mirathi umenigusa mahali sikutarajia. Tuko na barua ya chifu pekee, ilikaa tu kwa faili. Nilidhani hiyo ndio kazi yote. Nitawapigia ndugu zangu wikendi hii.

mpangaji_githurai:

Mimi sina ploti, mimi ni yule aliye nyuma ya pazia, kwa hivyo niruhusuni niongee kidogo.

2020 wakati wa corona nilikuwa nafanya hoteli mjini ikafungwa. Nilifikisha miezi mitatu. Nilikuwa naambia kijana wangu aseme niko kazini, na kazi haikuwa. Siku moja akaniuliza, mum, nikiongopea mwenye nyumba ni dhambi ama si dhambi? Alikuwa na miaka tisa. Nililia kwa bafu nikiwa nimefungulia maji asisikie. Yule mama haogopi kukuona wewe, anaogopa kukuona na mkono mtupu. Kila siku anajiambia nikipata hata 2,000 nitamtafuta mwenyewe, na 2,000 haiji, na aibu inaongezeka kuliko deni.

Mwenye nyumba wangu alinitumia ujumbe, bado niko nao: "Mama, najua kazi zimefungwa. Njoo tuongee, sikufukuzi wiki hii." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yalinifanya nikaenda, kwa sababu nilijua nikienda kuongea sirudi kupata kufuli. Nilimaliza deni lake baada ya miezi kumi na moja. Na bado niko kwa hiyo nyumba mpaka leo. Kwa hivyo kwa ujumbe wako wa Jumamosi mwambie kabisa kwamba hufungi nyumba.

Na kitu kingine, angalia kama kuna kitu umekataa kumtengenezea juu ana deni. Mpangaji mwenye deni hawezi kulalamika bomba ikivuja, ananyamaza tu.

keretaka_umoja:

Mimi ni keretaka miaka 9. Kuhusu namba 2 mimi naona hiyo ya "atapumzika kulipa" si namba 5 inamsumbua, angalia maji. Watu wangu wakianza maneno ya renti mara nyingi maji imekosa wiki mbili na wananunua mtungi kwa shilingi 20 kutoka kwa mkokoteni huku wanalipa nyumba yenye inasemekana iko na maji. Kwetu maji ya mferejini huja siku mbili kwa wiki, nikilala bila kufungulia valvu usiku tanki haijai na Jumatano kelele inaanza. Muulize keretaka wako anaamka saa ngapi siku ya maji. Pia risiti, hata kama wanalipa kwa simu wape risiti, mtu akiwa na risiti hasikii kama pesa imeingia shimo.

mama_ploti_zima:

Keretaka amesema kweli kabisa. Na huyo wako anayependa milango, mweleze kazi yake ni maji, taa na usafi. Habari ya pesa ni yako na mpangaji. Siku utamwachia keretaka mambo ya deni ataanza kuchukua mia mia pembeni ili anyamaze, na hutajua.

kijana_wa_mwiki:

Nimerudi kuwaambia vile imeenda, samahani nimechukua siku kumi.

Nilituma ujumbe Ijumaa na nikaandika vile dada wa Githurai alisema, kwamba sifungi nyumba. Akajibu baada ya dakika mbili. Miezi yote hiyo hakuwahi kujibu. Jumamosi nilipata amepanga stuli mbili na chai. Nikafungua daftari, tukahesabu pamoja, na kusema ukweli alikuwa anafikiria deni limepita 40,000 juu keretaka alikuwa anamwambia kuna faini kila siku. Mimi sijawahi kuweka faini. Hiyo nimeongea na keretaka na bado sijamaliza na yeye.

Anakaanga mandazi na chapati hapo steji ya Mwiki, anaamka saa kumi alfajiri. Siku nzuri anabaki na 600 akishatoa unga na mafuta, siku ya mvua anabaki na 200. Tumekubaliana 2,500 kila Jumapili kwa simu, hiyo inashika renti ya mwezi na inabaki kitu cha deni, na mvua ikizidi ananiambia mapema. Dipoziti imekula Desemba, tumeandika na tumetia sahihi wote, msichana wake akiwa amesimama mlangoni anaangalia. Tumeweka mwisho wa Agosti, kama deni halijashuka tunaangalia tena kuhusu kuhama, ni yeye mwenyewe alitaja hiyo tarehe.

Nikiwa naondoka nikamuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Akanyamaza. Msichana ndio akasema mfereji wa choo unavuja tangu kabla ya Krismasi, wameweka beseni chini na wanaimwaga usiku na asubuhi. Fundi alikuja Jumatatu, ilikuwa wosha, karaba ka bomba, ya shilingi hamsini. Kwa hiyo bili ya maji iliyokuwa imenipanda Januari na nikawalaumu watu wote wa ploti, kumbe.

Jumapili ya jana 2,500 iliingia saa mbili usiku.

Namba 2 amelipa, nilimpa risiti na sikuongea mengi. Na kweli maji ilikuwa imekosa siku nane upande wake, valvu ya juu ilikuwa imefungwa nusu. Kinyozi tumeelewana 10,000 kuanzia Mei, tumeandika. Ndugu zangu wawili wamekubali tufaili mirathi, wa tatu ananiuliza mbona sasa, mbona haraka, na ndio naandika hapa tena: kuna mtu ameshaenda na ndugu ambaye hataki kutia sahihi? Mama anakuja Nairobi kliniki tarehe 3 na nilitaka tukiwa na yeye hapa tuende sote siku moja.